Barua ya wazi kwa Bunge, Hazina, TAKUKURU na Ofisi ya Mashtaka: hoja za CAG zijibiwe kabla bajeti haijapita

Waheshimiwa,

Kila mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) na Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hukabidhi ripoti zao kwa Rais. Mwezi unaofuata ripoti ya CAG huwekwa mezani bungeni, magazeti yanajaa vichwa vya habari vya mabilioni, mitandao inachemka wiki mbili, kisha kimya. Tunawaandikia kuhusu hicho kimya. Sisi ni watu wa hesabu za umma, ukaguzi wa ndani na ununuzi. Kwa tunavyoona, jina la Tanzania mbele ya wakopeshaji, wawekezaji na hata Watanzania wenzetu wanaoishi nje linajengwa au kubomolewa katika miezi hiyo ya kimya.

Kipimo kinachotajwa zaidi huko nje ni faharasa ya rushwa ya Transparency International. Mwaka 2015 tulipata alama 30 kati ya 100. Mwaka 2024 tulipata 41 na kushika nafasi ya 82 kati ya nchi 180. Mwaka huo Kenya ilipata 32, Uganda 26, Kongo 20, Burundi 17, na Rwanda 57. Tumepiga hatua ya kweli na anayeibeza hatendi haki, ingawa mwaka huo bado tulikuwa chini ya wastani wa dunia, uliokuwa 43. Ila alama hizo zinavyopatikana ni jambo la kulielewa vizuri kabla ya kulishangilia. Hakuna mtu anayehesabu bahasha za rushwa. Wanachukua tathmini zisizozidi 13 za taasisi mbalimbali, ikiwemo Benki ya Dunia, zinazotokana na maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, wanaziweka kwenye mizani moja ya 0 hadi 100, wanatafuta wastani. Alama moja juu au chini haina maana yoyote. Chenye maana ni maswali yaliyo nyuma yake: je, ofisa anayetumia cheo chake vibaya anashtakiwa? Fedha za umma zinachepushwa kwa urahisi kiasi gani? Mwananchi anaweza kupata taarifa za matumizi? Anayetoa siri ya wizi analindwa? Maswali hayo hayajibiwi kwa msafara wa kwenda kuitangaza nchi.

Na tuna ushahidi wa karibu kwamba nchi ikiamua inaweza. Oktoba 2022 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha. Nchi ikiwa kwenye orodha ile, benki za nje hukagua miamala yake kwa jicho kali zaidi, na mwenye kuagiza mzigo au kutuma fedha nyumbani anaulizwa nyaraka ambazo zamani hakuulizwa. Juni 2025 tukatolewa. Kilichotutoa ni mpango kazi wenye vipengele vilivyoandikwa, kila kimoja na mhusika na tarehe yake, na wakaguzi waliokuja kuhakiki. Tunachoomba katika barua hii ni nidhamu ileile kwa hoja za CAG, yaani kasoro anazoziibua kwenye ukaguzi, safari hii orodha tukiiandika wenyewe na wahakiki wakiwa wananchi.

Tukumbuke pia kilichotokea pale wengine walipotutangulia. Mwaka 2013 serikali ilikopa dola milioni 600 kwenye soko la nje kupitia Standard Bank ya London na benki dada yake ya hapa nchini. Ada ya kwanza iliyotajwa ilikuwa asilimia 1.4. Baadaye ikapanda kuwa 2.4, na ile asilimia 1 ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ikalipwa kwa kampuni ya hapa iliyoitwa EGMA. Miongoni mwa wenyehisa wake alikuwemo ofisa wa ngazi ya juu wa serikali aliyekuwa kazini. Hakuna ushahidi uliopatikana kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi yoyote. Fedha ziliingia kwenye akaunti na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu. Walioshtuka kwanza ni wafanyakazi wa benki hapahapa nchini, wakatoa taarifa makao makuu, na Aprili 2013 benki ikajisalimisha kwa wachunguzi wa Uingereza. Novemba 30, 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo kwa mujibu wake Tanzania ililipwa fidia ya dola milioni 6 pamoja na riba ya zaidi ya dola milioni 1, mbali na dola milioni 25.2 zilizokwenda kwa serikali ya Uingereza. Nyumbani kesi ilifunguliwa Aprili 2016, ikamalizika Agosti 2020 kwa makubaliano ya kukiri kosa.

Tazameni mlango uliotumika. Hakuna aliyevunja kasha. Kulikuwa na mkataba, ankara, akaunti halali na kampuni iliyosajiliwa. Ofisa mmoja wa Hazina angelifungua faili la usajili na kusoma majina ya wenyehisa kabla ya ada kupandishwa, mchezo ungeishia hapo. Rada ni kisa cha aina hiyohiyo: kifaa cha kuongozea ndege cha pauni milioni 28 tulichouziwa na kampuni ya BAE ya Uingereza, nayo ikakiri mwaka 2010 mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudi kwetu zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Watoto walifaidika, tunashukuru. Lakini kwa kila msomaji wa nje, habari ilikuwa kwamba ukweli wa fedha za Watanzania ulipatikana London.

Kimya kina gharama ya shilingi pia. Mwaka 2014, sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, yaani fedha za malipo ya umeme zilizochotwa Benki Kuu, lilipofumuka, wahisani walizuia karibu dola milioni 500 za kusaidia bajeti wakisubiri uchunguzi. Novemba mwaka huo Bunge lilipitisha maazimio yake, na watuhumiwa wakuu wawili walifikishwa mahakamani Juni 2017. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka miwili na nusu.

Sasa tuje kwenye kalenda, kwa sababu ndipo penye kidonda. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. CAG anamaliza ukaguzi na kukabidhi ripoti Machi 31, miezi tisa baadaye. Ripoti inafika bungeni Aprili, wabunge wakiwa wanaanza kupitia bajeti za wizara zilezile zilizokaguliwa. Lakini kwa miaka ya karibuni mjadala wa taarifa za kamati za Bunge za hesabu za serikali (PAC) na za serikali za mitaa (LAAC) kuhusu ripoti hiyo umekuwa ukifanyika Novemba. Maana yake ni kwamba Juni wizara au halmashauri yenye hoja ya mabilioni inapitishiwa fedha mpya kabla haijajibu za zamani, na inapofika Novemba ni miezi kumi na sita tangu mwaka uliokaguliwa ufungwe. Kufikia hapo mkurugenzi amehamishwa, mhasibu amestaafu, mkandarasi amebadilisha jina la kampuni, na anayekuja mbele ya kamati ni mtu mwingine kabisa, anasema kwa heshima zote, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nina miezi mitatu tu kituoni." Kamati inapokea maelezo, inapendekeza uchunguzi, faili linaanza safari upya.

Hoja zote haziwezi kujadiliwa kati ya Aprili na Juni, hilo tunalijua. Ni maelfu. Lakini hoja kubwa 30 zinaweza. Kamati zikae Aprili hiyohiyo na CAG, zichague hoja 30 zenye fedha nyingi au zinazojirudia mwaka hadi mwaka, na fungu la bajeti la taasisi husika lisipitishwe hadi ofisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha zake, ajibu kwa maandishi: fedha iko wapi, nani aliidhinisha, nini kimerejeshwa, stakabadhi namba ngapi. Fedha ya mishahara isiguswe. Zizuiliwe za maendeleo na matumizi mengineyo, kwa sababu humo ndimo upigaji unamokaa.

Kuna kinga moja ambayo maofisa masuuli hujifunika nayo, na wabunge wengi huikubali bila kuhoji: hati ya ukaguzi. Taasisi ikipata hati inayoridhisha, ile ambayo watu wamezoea kuiita hati safi, hupongezwa kana kwamba imethibitishwa haina mwizi. Hati inasema tu kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango na hazina makosa makubwa ya kuzipotosha. Ukinunua jenereta ya milioni 20 kwa milioni 60 na ukaandika milioni 60 kwenye vitabu, vitabu viko sawa. Ndiyo sababu karibu kila taasisi inapata hati hiyo huku kurasa za ndani za ripoti zikiwa zimejaa manunuzi yasiyo na mshindani, malipo bila hati za kupokelea mali na maduhuli, yaani makusanyo ya mapato, yasiyofika benki. Someni kurasa za ndani.

Tuchukue maduhuli, maana wizi wake ni mwepisi kuueleza. Halmashauri inamkabidhi mkusanyaji mashine ya POS kwenye mnada au kizuizi cha mazao. Mashine inaweza kufanya kazi nje ya mtandao, kwa sababu minada mingi haina mtandao. Mkusanyaji anatoa risiti siku nzima, mashine inahifadhi jumla, na fedha taslimu inapaswa kupelekwa benki siku hiyo au siku ya kazi inayofuata kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hapo kuna mianya mitatu. Fedha inakaa mfukoni wiki tatu "ikizungushwa", na deni linaonekana kwenye mfumo kwa jina la mkusanyaji bila mtu kumfuata. Au mashine inaripotiwa imeibwa au imeharibika kabla haijaunganishwa na mtandao, na miamala yake inapotea nayo. Au mwenye nywila ya usimamizi anafuta na kurekebisha miamala bila idhini ya maandishi. Mwanya wa tatu ndio mbaya zaidi, kwa kuwa mkusanyaji hawezi kuutumia peke yake. Lazima awe na mtu ofisini. CAG ameandika kuhusu haya mwaka baada ya mwaka. Dawa yake haihitaji sheria mpya: mashine isiyounganishwa kwa saa 48 ijifunge, marekebisho ya muamala yahitaji watu wawili wa idara tofauti, na orodha ya wadaiwa wa POS ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa halmashauri na wa kata. Mtu anayedaiwa milioni 14 za ushuru wa mbuzi asihamishiwe kijiji kingine kukusanya tena.

Upande wa miradi, tunao mfano mzuri wa nyumbani. Mwaka 2021, kwenye mkopo wa IMF wa dola milioni 567 sawa na takriban shilingi trilioni 1.3, serikali ilitangaza madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Namba hiyo ilijulikana hadi kijiweni. Kwa mara ya kwanza kwa wengi, mzazi alisimama mbele ya jengo akajua limegharimu kiasi gani na akaanza kuuliza. Anachohitaji baada ya hapo ni vipimo. Fundi yeyote mkweli atakwambia mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6. Ukitoa 50, tofali litakatika likidondoka kutoka usawa wa kiuno. Nondo ya milimita 12 ikigeuzwa kuwa ya 10 kwenye mkanda wa juu haionekani baada ya zege kumwagwa, kwa hiyo lazima ikaguliwe kabla. Na pale penye ujenzi wa mafundi wa ndani, ile tunayoiita force akaunti, kamati ya mapokezi inatakiwa kuhesabu mifuko inaposhushwa. Mara nyingi karatasi ya mapokezi inapelekwa nyumbani kwa mjumbe ikiwa imeshajazwa, anaombwa sahihi tu. Mifuko inapotea hapo, ukuta unajengwa kwa mchanga, na vitabu vinabaki safi.

Tunaomba kila mradi unaozidi shilingi milioni 50 uwe na karatasi moja ya wazi ubaoni na mtandaoni: bei, kiasi cha vifaa vikuu, jina la msimamizi, majina ya kamati ya mapokezi, na tarehe za ukaguzi kabla ya zege. Karatasi moja tu.

Kwenye zabuni, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, NeST, ulioanza mwaka 2023 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo vimeziba matundu mengi. Kuchelewesha tangazo, kuficha sanduku la zabuni na kubadilisha bahasha usiku vimekuwa vigumu. Wapigaji wamehamia mahali ambapo mfumo hauoni vizuri: kabla na baada. Kabla ya tangazo, makadirio ya mhandisi yanavuja na vigezo vinachongwa vimfae mmoja, kwa mfano kudai uzoefu wa miaka mingi wa kazi ya aina moja ambayo nchini imefanywa na kampuni mbili. Kazi inagawanywa vipande ili kila kipande kiangukie kwenye kiwango kisicho na ushindani mpana. Baada ya mkataba kusainiwa, mabadiliko ya kazi yanaongeza bei hatua kwa hatua, na mshindi aliyeshinda kwa bei ya chini anamaliza akiwa wa bei ya juu kuliko aliyeshindwa. Mwananchi anayefungua NeST anaona nani kashinda na kwa kiasi gani. Haoni nyongeza zilizofuata, malipo yaliyofanyika, wala mtu halisi aliye nyuma ya kampuni.

Hilo la mwisho lina sheria tayari. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni zinapaswa kuwasilisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, taarifa za wamiliki manufaa wake, yaani watu wa nyama na damu wanaofaidika mwishoni. Rejista hiyo inatumiwa na vyombo vya serikali. Mwananchi wa kawaida hawezi kuifungua. Hatuombi kila duka liwekwe hadharani. Tunaomba kampuni inayotaka fedha ya umma ikubali jina la mmiliki wake lionekane kando ya mkataba wake kwenye NeST. Kampuni mbili "zinazoshindana" zenye mmiliki mmoja zitaonekana siku hiyohiyo, na shemeji wa ofisa ununuzi naye ataonekana.

Malipo nayo yatazamwe. Serikali inapochelewa kumlipa mkandarasi, mkataba unadai riba, na CAG huiripoti riba hiyo kama hasara. Lakini ucheleweshaji una tunda jingine lisiloandikwa: hati ya malipo iliyoidhinishwa inakaa mezani hadi mwenye nayo "aone mtu". Mkandarasi mwaminifu anafilisika, asiye mwaminifu anaweka gharama ya kuona mtu ndani ya bei yake ya zabuni ijayo. Foleni ya hati zilizoidhinishwa iwekwe wazi kwa tarehe ya kuidhinishwa, na anayerukwa apewe sababu kwa maandishi. Hazina ikifanya hili peke yake, bei za zabuni zitashuka.

Kwa TAKUKURU na Ofisi ya Mashtaka tuna mambo mawili, na tunayasema kwa heshima. Makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019 ni chombo kizuri. Septemba mwaka huo watuhumiwa 467 waliomba kurejesha takriban shilingi bilioni 107.8. Lakini umma haukupewa orodha ya nani alirejesha nini, lini, na fedha iliingia akaunti ipi, na baadaye malalamiko yakawa mengi kiasi cha kuligusa jina la haki yenyewe. Kila makubaliano yachapishwe na stakabadhi yake. La pili ni shtaka la utakatishaji fedha, ambalo halina dhamana. Likitumika kumweka mtu mahabusu miaka wakati upelelezi "haujakamilika", mwekezaji wa nje anajifunza kuogopa serikali, na mwizi wa kweli anapata kusema yeye ni mwonewa. Upelelezi ukamilike kwanza. Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa 2016 kwa mashauri ya kuanzia shilingi bilioni 1, inahitaji majalada yaliyoiva: ankara halisi, kumbukumbu za benki, na mtaalamu wa bei anayeweza kusimama kizimbani. Kumtumbua mtu jukwaani ni rahisi. Kesi inashindwa pale ambapo hakuna aliyechukua hati ya kupokelea mali kabla haijachanwa.

Na mtumishi aliyeitoa hati hiyo alindwe. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015. Mhasibu msaidizi wa wilayani hajui ampelekee nani isipokuwa bosi wake, ambaye mara nyingi ndiye mhusika. Anayetoa taarifa apewe barua yenye namba ndani ya siku saba, na kwa miaka miwili uhamisho wake usifanyike bila kibali cha nje ya taasisi yake.

Hatua ya kwanza inaweza kuanza bila kusubiri bajeti wala semina. CAG anazo hoja zote kwenye kompyuta. Tunaomba Spika na Hazina wakubaliane naye kuziweka hadharani kwenye jedwali moja linalosomeka kwa simu: namba ya hoja, taasisi, kiasi, cheo cha mhusika, mwaka ilipoibuliwa mara ya kwanza, hatua iliyochukuliwa, tarehe ya hatua, fedha iliyorejeshwa. Hoja iliyofungwa ioneshe imefungwa kwa ushahidi gani. Jedwali lisahihishwe kila robo mwaka, na toleo la kwanza litoke kabla kamati za kisekta hazijaanza kupitia mafungu ya bajeti ijayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahasibu, wakaguzi wa ndani na maofisa ununuzi wa umma